Vioo Juu ya Ghala la Ngozi

Nilipoolewa nilipelekwa Mbeya, na nyumba niliyopelekwa haikuwa nyumba. Lilikuwa ghala la ngozi. Mume wangu alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyehamia Dar es Salaam, na katika maneno yote ya posa hakulitaja neno ngozi hata kwa bahati mbaya. Kwetu Iringa aliwaambia wazee kwamba amepata jumba la biashara, imara, katikati ya mji. Hakusema uongo. Imara lilikuwa. Kuta zilikuwa nene kama za boma, mlango ulikuwa mpana kiasi cha lori kuingia kinyumenyume, na dirisha halikuwepo hata moja, kwa sababu ngozi hazina haja ya kutazama nje. Juu kabisa, chini ya bati, palikuwa na matundu madogo yenye nondo ya kutolea harufu. Harufu yenyewe ilikuwa bado haijaamua kutoka.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nyumbani kwetu tulikuwa wengi, shangazi na binamu na wapangaji, hata mtu akitaka kulia ilibidi angoje zamu yake ya chumba. Siku ya safari basi liliteremka Ipogolo, likapita kwenye ukungu wa milimani, likashuka uwanda wa Usangu, tukanywa chai Chimala, kisha likapanda tena kwenye baridi. Niliposhuka Mbeya nilikuwa simjui mtu isipokuwa mume wangu, na huyo mwenyewe nilikuwa bado najifunza sauti yake.

Alikuwa mtu wa pwani kwa babu yake. Yeye pwani alifika mara moja tu, akaugua homa, akarudishwa bara. Lakini ungemsikia akieleza namna nyumba inavyotakiwa kuwa, ungedhani ameondoka Bagamoyo jana. Alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba nyumba ya mstaarabu ina giza mchana, maana giza ndiyo baridi, na mgeni akitoka juani na kuingia ndani hushusha pumzi akasema alhamdulillahi. Kwa hiyo alipoamua kuligeuza ghala kuwa duka la nguo alipigilia rafu za mbao, akaweka kaunta, akaupaka mlango rangi ya kijani, na giza akaliacha palepale kama sehemu ya bidhaa.

"Wateja watakuja kupumzika joto," aliniambia.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Mbeya, mwezi wa Juni, maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole, na watu wote wenye akili zao wamesimama ng'ambo ya barabara, migongo ukutani, wanaota jua.

Hawakuja. Wachache waliojaribu walisimama mlangoni, wakaomba kanga iletwe pale, wakatoka nayo barabarani kuitazama rangi, maana ndani mle nyekundu na kahawia zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Wengi waliirudisha. Nilipomwambia mume wangu kwamba pengine watu hawapendi sura ya mlango, akanijibu, "Nyumba njema si mlango." Na jioni akifunga alisema, "Chema chajiuza." Alikuwa na methali ya kila hasara.

Tulilala humohumo, godoro likikunjwa asubuhi, na mchana mimi nilikaa naye mle dukani, kwenye kiti nyuma ya rafu, nikikunja na kukunjua vitambaa. Aliruhusu kwa sababu mtu aliyesimama barabarani hakuweza kuniona. Mke wake hakutakiwa kuonekana ovyo. Hilo nalo lilitoka kwa bibi. Giza lile ndilo lilikuwa pazia langu. Akisafiri kwenda Chimala na Ubaruku kununua mchele wa kuuza mjini, alifunga mlango mkubwa, nami nikabaki na koroboi mchana kweupe, nikiongea na nafsi yangu kwa sauti ili nisisahau namna ya kuongea.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa aliyeuza ndizi kwenye kituo cha mabasi. Kila asubuhi alipita mbele yetu na kapu kichwani. Nilijisitiri nusu nyuma ya ubao wa mlango nikamwita, naye aliziweka ndizi chini, nje ya kizingiti, akarudi nyuma, akangoja niziokote. Nilidhani ndiyo adabu ya kwao. Siku moja nikamwambia, "Mama, karibu ndani upumzike."

Akacheka. "Ndani humo? Aa, dada. Hii nyumba yenu iko giza sana. Watu wanaogopaga."

"Wanaogopa nini?"

Akatazama barabara juu na chini. "Wanasemaga ni nyumba ya mumiani."

Miaka ile hapakuwa na mtoto asiyejua mumiani: watu waliosemekana kukamata wapita njia, kuwafungia katika nyumba isiyo na madirisha, wakawakamua damu ikauzwe kuwa dawa. Na sisi tulikuwa na kila kitu kilichohitajika. Kuta nene, mlango wa kuingiza lori, kulabu za chuma kwenye boriti zilizokuwa za kutundikia ngozi, ambazo usiku zilinitisha, na harufu. Kama ningekuwa napita njia, hata mimi ningevuka barabara.

Nililia siku ile, tena sana, na si kwa ajili ya duka. Nililia kwa sababu nilielewa kwa nini hakuna jirani aliyekuja kunitazama. Kwetu bibi harusi akihamia mtaa, kabla hajafungua sanduku wanawake wameshajaa uani, wananusa udi wako, wanakagua kanga zako, wanauliza habari za mama yako na kukupima nyonga kwa macho. Siku za mwanzo nilikuwa nimepika vitumbua vya kuwapokea. Tulivila wawili mpaka vikachacha. Sasa nilijua kwamba mji mzima uliniogopa. Nami katika mji huo nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mwanamke mmoja aingie, aketi, tuongee mpaka chai ipoe. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hicho ni kitu kikubwa.

Wazo la vioo lilinijia nikiitazama picha yetu ya harusi. Tulipigwa Iringa, katika studio ya Mhindi mmoja, na chumba chake nacho hakikuwa na dirisha. Lakini ndani kulikuwa kweupe hata ungeweza kutunga uzi kwenye sindano. Paa lake upande mmoja lilikuwa la vioo. Chini ya vioo mpiga picha alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha marekani kwenye kamba, kama pazia lililolala. Nilimuuliza cha nini. Akasema jua likipiga moja kwa moja linachoma upande mmoja na kuacha upande mwingine kivuli. Likipita kwenye kitambaa linakaa kila mahali sawasawa. Nilikuwa nimekaa pale na hina yangu mbichi, nimebanwa na viatu, na jambo nililolibeba katika harusi yangu likawa hilo.

Nikamwambia mume wangu. Akanitajia wezi. Nikamwambia wezi hupenda giza. Akanitajia mvua ya mawe, nikamwambia kuna vioo vinene. Akasema jua litapausha kanga, zitaingia mstari mweupe kwenye mkunjo, nani atanunua? Hapo alikuwa na haki, kwa hiyo nikamweleza habari ya marekani, na nikamwambia vioo viwekwe upande wa kusini wa paa, maana kiangazi chote jua hupita kaskazini, litupe mwanga wake libaki na ukali wake. Akaguna. Ndipo nikamwambia neno la mumiani.

Alimaliza kula, akanawa mikono. "Mimi?" alisema mwishoni. "Mjukuu wa babu yangu, niitwe mumiani na wauza ndizi?" Asubuhi alikwenda kutafuta fundi. Nilimsikia akimweleza habari za vioo, upande wa kusini, na kitambaa cha marekani, kama mtu aliyeota ndoto hiyo peke yake. Nilimwachia. Alikuwa na aibu, na mwenye aibu usimvue nguo.

Siku fundi alipoondoa bati la kwanza nilikuwa nimesimama chini yake. Mwanga ulishuka pamoja na vumbi, na ndipo nilipoiona nyumba yangu. Sakafu ilikuwa na madoa ya chumvi ya miaka. Rafu mume wangu alizozipigilia zilikuwa zimepinda, moja juu moja chini, na yeye mwenyewe alizitazama kwa mshangao. Bale la kanga lililokuwa limefunguliwa kwa wiki kadhaa lilionekana lilivyo: nyekundu ya pilipili, manjano, na buluu moja ambayo mimi siku zote niliipanga pamoja na nyeusi. Niliiweka mkononi nikaizungusha. Nilifurahi hata nikaona haya.

Vioo viliingizwa kwenye fremu za mbao, kingo zikazibwa kwa lami. Kulabu zilikatwa. Kuta zilipakwa chokaa mara mbili, kwa sababu fundi alisema ukuta mweusi hula mwanga wote unaoletewa. Marekani ikatandazwa. Siku ya kufungua mlango, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara aliweza kuona mpaka ukuta wa mwisho, mweupe, bila mahali pa kuficha hata mbuzi. Na humo ndani palikuwa na vuguvugu, maana vioo vile viliingiza mwanga na joto kidogo pia. Waliokuwa wanaota jua walitazama. Mmoja akavuka.

Mama wa ndizi alifika kizingitini, akainama kuchungulia kushoto na kulia, akaniamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akaingia. Alikaa juu ya bale. Nikamletea chai. Tuliongea mpaka ikapoa, nikaenda kuipasha, tukaongea tena.

Tangu hapo alikuja karibu kila asubuhi, mlima Loleza ungali umejifunika ukungu, kabla mabasi ya mbali hayajaondoka. Alinieleza habari za mume wake aliyekwenda migodini kusini na kukaa huko, na binti zake walioolewa mbali. Mimi nilimwimbia nyimbo za kuchezea bibi harusi, naye akanisahihisha namna ya kumenya ndizi mbichi bila kuchafua mikono. Wanawake wengine wakiingia walimkuta pale, wakapata moyo. Walikunjua kanga chini ya marekani, wakazitazama upande huu na huu, hawakuzitoa nje tena. Mume wangu alisema chema chajiuza. Mara hii nilikubali.

Miezi ile ndiyo niliyokuwa na furaha Mbeya. Naitaja upesi kwa sababu ilikuwa mifupi.

Ijumaa moja alirudi msikitini uso umemkunjamana. Mtu fulani alikuwa amemuuliza hali yangu. Hakuna ubaya, ila mtu yule aliongeza, "Leo nilimwona mkeo akicheka, masha'Allah." Alikuwa ameniona kutoka barabarani.

"Watu wanakuona mpaka ng'ambo," mume wangu aliniambia.

"Si ndiyo maana ya vioo?"

"Vioo ni vya kanga," akasema.

Fundi aliitwa tena. Alipandisha ukuta wa matofali kukata theluthi ya nyuma ya jengo, ule upande usio na vioo juu yake, akaweka mlango mwembamba wenye pazia. Kule mbele wakabaki na mwanga. Mimi nikahamishiwa nyuma pamoja na vyungu, matundu yenye nondo, na harufu ambayo kumbe ilikuwa imekimbilia huku. Nilibisha. Nilibisha kwa siku nyingi, nikanuna, nikachoma wali kwa makusudi. Aliula wote. Wateja hawakuruhusiwa kupita kaunta, na mama wa ndizi alikuwa mteja.

Nilimsikia akija mara ya kwanza, akiuliza, na mume wangu akimjibu kwamba nimelala. Mara ya pili nilikuwa naumwa kichwa. Sauti yangu ilikuwepo, lakini nililelewa kwamba mume akiwa mbele za watu humkatizi. Nilikaa nikisikiliza kapu lake likiinuliwa kutoka sakafuni.

Kile ambacho mume wangu hakukifikiria ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kulizoea jengo. Walikuwa wameliona mpaka mwisho wake. Sasa waliingia wakakuta ukuta mweupe umewasogelea, wakatoka nje, wakatazama urefu wa jengo kutoka kona hadi kona. Nje refu, ndani fupi. Pale katikati pana nini? Na yule mwanamke aliyekuwa akicheka yuko wapi? Niliyasikia maneno haya siku ileile yalipozaliwa, kwa kuwa watu walisimama kuyasema chini ya tundu langu. Walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba mumiani ameanza na mke wake.

Duka likapoa tena, mwanga ungalimo.

Asubuhi moja nilisikia mama wa ndizi ameingia, na nyuma yake nyayo nyingi zimesimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa hajaja peke yake. Akaamkia, kisha akasema, "Yule dada yuko wapi?"

"Amekwenda kwao Iringa," mume wangu akasema. "Kusalimia."

"Kwa basi gani?"

"Basi. La Iringa."

"Mimi nakaaga pale stendi toka alfajiri mpaka jua linazama, baba. Kila anayepanda namwona. Huyu sijamwona kupanda."

Nilisikia nyayo za mlangoni zikirudi nyuma, zikiburura kwenye saruji. Nilijua kwamba zikishuka barabarani hazitarudi, na kwamba na yeye ataondoka nazo, na kwamba mimi nitabaki nyuma ya ukuta ule mpaka nizeeke, nikiwa nimekwisha kufa katika vinywa vya watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kulabu. Nikasukuma pazia nikatoka kama nilivyokuwa, na kanga ya jikoni, mikono ina unga.

"Nipo, mama," nikasema.

Macho yaliniuma kwa mwanga. Mume wangu alikuwa ameshika ile yadi ya mbao ya kupimia nguo kwa mikono miwili. Mama wa ndizi alizunguka kaunta, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya, akaja akanishika mkono. Akaubonyeza kiganjani. Akaugeuza, akaubonyeza tena juu ya kifundo, polepole, kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akawageukia wale wa mlangoni akasema maneno ya Kinyakyusa, halafu akayarudia kwa Kiswahili ili na wengine wasikie.

"Ni mtu. Mzima kabisa."

Mtu mmoja akacheka, wote wakacheka. Wakaingia. Mwanamke mmoja akauliza bei ya ile kanga ya buluu, na mume wangu, namsifu kwa hilo, akapata sauti ya kumjibu.

Hatukulizungumza jambo hilo, si usiku ule wala baadaye. Ila baada ya siku chache fundi alikuja na nyundo. Nilimsikia mume wangu akimwambia kwamba ukuta ule haufai, unakula mwanga. Akaweka kigoda karibu na kaunta, mahali penye weupe kuliko pote.

"Kaa hapa," akaniambia. "Watu wakuone."

"Na msikitini watasema nini?"

"Watasema nina mke."

Nikakaa. Sikuwa mjinga, nilijua kwamba ukuta haukuvunjwa kwa ajili yangu. Niliwekwa pale kama kanga iliyotundikwa mlangoni, ili wapita njia waone kwamba ndani kuna uzima. Lakini nilikaa, nikawa na watu wa kuamkiana nao, na mama wa ndizi akarudi kwenye bale lake.

Ilikuwa asubuhi ya mvua ndogo, mume wangu amekwenda Ubaruku, wateja bado. Matone yalikuwa yakitembea juu ya vioo na vivuli vyake vikitembea juu ya marekani. Mama akaniambia, bila kunitazama, "Dada, siku ile nilivyokushika mkono, nilikuwa natetemeka."

"Kwa hasira?"

"Kwa woga. Nilisema leo nashika maiti." Akacheka kidogo. "Ulikuwa wa moto. Ndiyo nikajua."

Nikamuuliza amejua nini.

"Kwamba wewe ni mtu kweli. Unajua, wale mumiani wanawekaga mwanamke mlangoni, mzuri, hana damu mwilini, wa kuita watu. Wewe ulikuwa unaniita kila asubuhi, halafu ukasema, 'Mama, karibu ndani upumzike.' Nikasema ndiye huyu. Hata walivyoweka vioo, nilisema wamefanya ujanja tu."

Nilihesabu moyoni asubuhi zile zote, nyimbo nilizomwimbia, chai niliyoipasha. Miezi ile niliyoiita ya furaha, rafiki yangu pekee alikuwa amekaa juu ya bale akisubiri nimkamate. Niliumia, nikakiweka kikombe chini. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini alikuwa anakuja?

Akalivuta kapu lake karibu na miguu, akapanga upya ndizi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Kwangu hakuna mtu, dada," akasema. "Hata wa kunitisha hakuna."